Cheti cha Usimamizi wa Mazingira: Kinaifanyia Nini Biashara, na Kinamwahidi Nini Mlaji

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji anatarajiwa aweze:

(a) kueleza jambo ambalo cheti cha usimamizi wa mazingira hulithibitisha, na lile ambalo hakilithibitishi;
(b) kueleza njia ambazo kwazo cheti hicho huinua ufanisi wa biashara, na sababu za kushindwa kuuinua;
(c) kulipima dai la cheti kabla ya kulilipia.

1. Utangulizi

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa bidhaa ambazo ubora wake huonekana. Kitenge kizuri hujulikana kwa kushikwa, na unga mzuri hujulikana kwa kupikwa. Lakini hakuna mnunuzi awezaye kukishika kitenge dukani akajua maji yaliyokitia rangi yalimwagwa wapi. Utunzaji wa mazingira haujiuzi, kwa kuwa hauonekani rafuni. Ndiyo maana mfanyabiashara anayetaka kusadikiwa katika jambo hili hulazimika kutafuta shahidi, na shahidi huyo mara nyingi huwa cheti.

Maneno kama "Tumethibitishwa kwa ISO 14001" huonekana kwenye mabango ya viwanda, ubavuni mwa magari ya kusambaza bidhaa na katika matangazo ya hoteli. Kwa mlaji, maneno hayo yana uzito wa fedha, kwa sababu yanaweza kumfanya achague bidhaa moja na kuiacha nyingine, au akubali kulipa zaidi. Kwa mkazi anayeishi jirani na kiwanda, yana uzito wa afya. Inafaa basi tujue shahidi huyu alishuhudia nini hasa.

2. Cheti hiki ni nini

Mwaka 1992, ambao ndio mwaka wa Mkutano wa Dunia kuhusu mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, Uingereza ilitoa kiwango cha usimamizi wa mazingira kilichoitwa BS 7750. Miaka minne baadaye, mwaka 1996, Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), lenye makao yake Geneva, lilichapisha kiwango cha ISO 14001, ambacho kilipitiwa upya mwaka 2004 na mwaka 2015. Kufikia mwaka 2022, vyeti halali vya kiwango hiki duniani vilikuwa zaidi ya 500,000.

Kiwango hiki kinaitaka biashara ifanye mambo manne, kisha iyarudie bila kukoma. Kwanza, itambue namna shughuli zake zinavyogusa mazingira, ijue sheria zinazoihusu, na ijiwekee malengo. Pili, itekeleze: ipange watu, iwafunze, na iandae hatua za dharura. Tatu, ipime na kujikagua. Nne, uongozi upitie matokeo na kurekebisha kasoro. Sera ya mazingira ya biashara hiyo ni lazima itamke ahadi tatu: kuyalinda mazingira na kuzuia uchafuzi, kutimiza matakwa ya sheria, na kuboresha mfumo daima.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kiwango hiki hakitaji kiasi cha moshi au cha majitaka kisichopaswa kupitwa. Viwango vya namna hiyo huwekwa na sheria za nchi. Viwanda viwili vinavyofanya kazi ya aina moja vinaweza vyote kuwa na cheti, ilhali kimoja kinachafua zaidi ya kingine. Cheti husema kwamba ipo taratibu ya kusimamia mazingira, na kwamba siku za ukaguzi taratibu hiyo ilionekana ikifuatwa. Hakisemi kwamba kiwanda ni kisafi, wala hakisemi kwamba bidhaa inayotoka humo ni salama.

Ni vema pia kujua ngazi tatu za ushuhuda huu. ISO huandika kiwango, lakini haitoi cheti kwa biashara yoyote. Vyeti hutolewa na taasisi za ukaguzi, ambazo hulipwa na biashara inayokaguliwa. Taasisi hizo nazo hupaswa kusimamiwa na chombo cha ithibati, yaani chombo kinachowakagua wakaguzi. Kenya ina chombo chake, KENAS. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazohudumiwa na SADCAS, chenye makao yake Gaborone. Kwa kawaida cheti hudumu miaka mitatu, na ndani ya muda huo wakaguzi hurudi angalau mara moja kila mwaka.

3. Faida inayotoka ndani ya biashara

Faida ya kwanza haihitaji mnunuzi ajue lolote. Mwaka 1995 wanazuoni Michael Porter na Claas van der Linde walitoa hoja iliyopata umaarufu: uchafuzi aghalabu ni dalili ya upotevu. Ukiitazama karakana kwa jicho hilo, mambo hubadilika sura. Moshi mzito ni mafuta yaliyolipiwa yasiungue sawasawa. Rangi inayotiririka mtaroni ni rangi iliyonunuliwa isifike kwenye kitambaa. Makombo yanayopelekwa jaani ni malighafi iliyokwisha kugharimiwa usafiri, umeme na mishahara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha kuchapa vitenge kinatumia uniti 3,000 za maji kwa mwezi, na kila uniti inagharimu shilingi 2,000. Bili ya mwezi ni shilingi 6,000,000, na kwa miaka mingi mhasibu ameilipa kama kodi ya pango, bila kuihoji. Kiwanda kinapojiandaa kwa cheti, kinatakiwa kipime. Mita zinafungwa katika kila idara. Hesabu zinaonyesha kwamba uniti 500 hazifiki kwenye mashine yoyote, bali zinapotelea katika mabomba makuukuu na valvu zisizofunga. Mabomba yakirekebishwa, kiwanda kinaokoa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Ikiwa kuandaa mfumo, kurekebisha mabomba na kulipia ukaguzi kuligharimu shilingi 30,000,000, maji pekee yatairudisha fedha hiyo kwa miaka miwili na nusu. Hapo bado hatujahesabu umeme wa kusukuma maji hayo.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. Kwanza, kilicholeta faida si karatasi, bali mita na fundi wa mabomba. Kiwanda kingeweza kufanya hayo bila cheti chochote; msaada wa cheti ni kulazimisha swali ambalo hakuna aliyekuwa akiliuliza. Pili, faida ya namna hii haighushiki. Bili ya maji ama imepungua au haikupungua.

Faida nyingine ya ndani ni kuepuka hasara. Biashara inayojua sheria zinazoihusu, na iliyopanga la kufanya pipa la kemikali linapopasuka, ina nafasi ndogo zaidi ya kutozwa faini au kufungiwa. Watafiti Matthew Potoski na Aseem Prakash walilinganisha maelfu ya viwanda vya Marekani vinavyosimamiwa na sheria ya hewa safi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2005, viwanda vyenye cheti cha ISO 14001 vilielekea kutii sheria vizuri zaidi, na kupunguza uchafuzi wao zaidi, kuliko visivyo nacho.

4. Faida inayotoka kwa wanunuzi

Faida ya pili huja kutoka nje, yaani kwa watu wanaokiamini cheti. Mwaka 1999 kampuni za magari za Ford na General Motors ziliwatangazia wauzaji wao wa vipuri kwamba watatakiwa kuwa na cheti cha ISO 14001 katika miaka michache iliyofuata. Kwa mtengenezaji wa vipuri, cheti kiliacha kuwa pambo kikawa ufunguo wa soko. Asiyekuwa nacho angeweza kupoteza mteja wake mkubwa, hata kama karakana yake ilikuwa safi.

Kadiri mnunuzi anavyokuwa mbali, ndivyo cheti kinavyozidi thamani. Andrew King, Michael Lenox na Ann Terlaak, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliona kwamba viwanda ambavyo wabia wao wa biashara wako mbali ndivyo vilivyoelekea zaidi kutafuta cheti. Jambo hilo linaeleweka. Mnunuzi wa jirani anaweza kupita akatazama mtaro kwa macho yake. Mnunuzi wa ng'ambo hawezi. Msafirishaji wa mazao au wa nguo kutoka Afrika Mashariki anakijua vizuri kizuizi hicho, kwa kuwa mnunuzi wa Ulaya huomba karatasi kabla ya kuomba sampuli.

Je, biashara yenye cheti hupata faida kubwa zaidi ya fedha? Hapa tafiti hazikubaliani. Zipo zilizoona ongezeko, na zipo ambazo hazikuona tofauti ya maana. Ugumu mmojawapo ni kutenganisha chanzo na matokeo: huenda cheti kiliiimarisha biashara, na huenda biashara iliyokwisha kuwa imara ndiyo iliyokuwa na fedha na watu wa kutafuta cheti. Zaidi ya hayo, gharama hulipwa mwanzoni, na akiba huja polepole. Kwa biashara ndogo, ada za ukaguzi na muda wa kuandika taratibu vinaweza kuzidi akiba yote itakayopatikana.

Kwa sababu hiyo, mlaji asikosee upande wa pili. Mtengenezaji mdogo wa sabuni asiye na cheti si lazima awe mchafuzi. Inawezekana anatumia maji machache na hamwagi chochote mtoni, ila hana fedha za kumlipa mkaguzi.

5. Pale cheti kinapoachana na kazi

Tofauti ya faida hizi mbili ndiyo kiini cha somo hili. Faida ya ndani huja kwa kufanya kazi yenyewe. Faida ya nje huja kwa kuaminiwa, na mtu anaweza kuaminiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Ikiwa wanunuzi wanatazama nembo bila kuuliza zaidi, biashara iliyorekebisha mabomba na biashara iliyojaza majalada zitapata malipo sawa sokoni. Iliyojaza majalada itakuwa imetumia fedha kidogo zaidi.

Hali hiyo imeonekana. Mtafiti Olivier Boiral alichunguza mashirika tisa nchini Kanada yaliyokuwa na cheti, na mwaka 2007 akaeleza jinsi mfumo ulivyoweza kugeuka kuwa desturi ya kuonyesha. Nyaraka ziliandaliwa ili ukaguzi upite, huku kazi za kila siku zikienda kando ya yaliyoandikwa.

Mifano miwili ya mwaka 2015 inaonyesha mipaka ya cheti kwa namna mbili tofauti.

Wa kwanza ni wa Volkswagen. Mwezi Septemba mwaka huo, shirika la Marekani la kulinda mazingira lilitangaza kwamba kampuni hiyo ilikuwa imeweka katika magari ya dizeli programu inayotambua gari linapopimwa. Gari lilitoa gesi chafu kidogo wakati wa kipimo, na nyingi zaidi barabarani. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo 11,000,000 duniani yalihusika, na gharama za faini, fidia na marekebisho zilipita euro bilioni 30. Viwanda vya kampuni hiyo vilikuwa na vyeti vya usimamizi wa mazingira. Si lazima vyeti hivyo viwe vilikuwa vya uongo: vilihusu namna kiwanda kinavyoendeshwa, kama vile maji, taka na nishati yake, si moshi wa gari likiwa mikononi mwa mnunuzi. Mteja aliyedhani cheti cha kiwanda ni cheti cha gari alijidanganya mwenyewe kabla ya kudanganywa.

Wa pili ni wa Samarco, kampuni ya madini ya chuma nchini Brazili, inayomilikiwa na Vale na BHP. Samarco ilikuwa na cheti cha ISO 14001 tangu miaka ya 1990. Tarehe 5 Novemba 2015, bwawa lake la Fundão, lililohifadhi tope la mabaki ya madini katika eneo la Mariana, lilibomoka. Watu 19 walipoteza maisha. Kijiji cha Bento Rodrigues kilifunikwa, na tope likafuata Mto Doce kwa zaidi ya kilomita 600 hadi bahari ya Atlantiki. Uzalishaji wa kampuni ulisimama, haukuanza tena hadi Desemba 2020. Hapa shughuli yenyewe ya uzalishaji ndiyo iliyoleta maafa, na cheti hakikuyazuia. Mkaguzi hutazama sehemu tu ya shughuli, kwa siku chache. Hawezi kusimama mahali pa mhandisi wa bwawa, wala pa msimamizi wa serikali.

Mifano hii haithibitishi kwamba cheti ni bure. Inaonyesha kwamba biashara inayokitegemea cheti badala ya kuitegemea kazi iliyokizaa imejenga juu ya mchanga, na kwamba hasara yake haibaki kwake peke yake.

6. Namna ya kulipima dai la cheti

Mlaji hana maabara, lakini ana maswali. Unapoambiwa kwamba biashara ina cheti cha mazingira, uliza yafuatayo.

(i) Ni kiwango gani? Neno "ISO" peke yake halitoshi. ISO 9001 huhusu usimamizi wa ubora, ISO 22000 huhusu usalama wa chakula, na ISO 14001 huhusu usimamizi wa mazingira. Cheti sahihi hutaja namba na mwaka wa toleo, kwa mfano ISO 14001:2015.

(ii) Ni cha mahali gani na cha shughuli gani? Kila cheti hutaja upeo wake. Kampuni yenye viwanda vitano inaweza kuwa na cheti kwa kimoja tu, au kwa ofisi ya makao makuu pekee. Hakikisha kwamba mahali palipotajwa ndipo bidhaa unayonunua inapotengenezwa.

(iii) Kinaisha lini? Cheti kilichopita muda wake hubaki ukutani kwa urahisi kuliko bidhaa iliyooza rafuni.

(iv) Kimetolewa na nani, na aliyekitoa amepewa ithibati na nani? Kiwango kinachoziongoza taasisi za ukaguzi, ISO/IEC 17021-1, kinazitaka zimsaidie mtu yeyote anayeuliza kujua kama cheti fulani ni halali, na zimweleze upeo wake. Kwa hiyo unaweza kuiandikia taasisi hiyo moja kwa moja. Vyeti vingi vilivyo chini ya ithibati huweza pia kutafutwa bila malipo katika kanzidata ya mtandaoni ya IAF CertSearch.

(v) Nembo imewekwa wapi? Cheti cha mfumo hakipaswi kuonyeshwa juu ya bidhaa kana kwamba bidhaa ndiyo iliyothibitishwa. Tena ISO hairuhusu nembo yake itumike kutangaza vyeti. Ukiona nembo ya ISO juu ya chupa au pakiti, una sababu ya kuhoji. Alama ya ubora ya TBS au ya KEBS ni jambo jingine kabisa: hiyo huhusu bidhaa yenyewe kukidhi kiwango chake.

(vi) Ni nini kimebadilika? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Biashara yenye cheti hupaswa kuwa na sera ya mazingira inayoweza kupatikana na wahusika, na hupaswa kupima matokeo yake. Uliza: mlitumia maji kiasi gani kwa kila mita ya kitambaa mwaka juzi, na mnatumia kiasi gani leo? Aliyefanya kazi hujibu kwa tarakimu. Asiyeifanya hujibu kwa kuonyesha cheti tena.

Unaponunua kwa ajili ya kikundi, kama vile shule, ushirika, msikiti, kanisa au kamati ya harusi, maswali haya huwa na nguvu zaidi, kwa sababu muuzaji hapendi kupoteza oda kubwa. Faida ya nje ya cheti imo mikononi mwa mnunuzi, naye anaweza kuitoa kwa aliyestahili na kumnyima asiyestahili.

7. Cheti na sheria

Cheti hakichukui nafasi ya kibali chochote. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inaitaka miradi iliyoainishwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Mkazi anayeona majitaka yakimwagwa mtoni apeleke malalamiko kwa serikali ya mtaa wake au kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), wala asikubali kunyamazishwa kwa kuonyeshwa cheti. Nchini Kenya, malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Dai la uongo kuhusu cheti ni suala la haki za mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na husimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012. Unapolalamika, tunza risiti, piga picha ya tangazo au ya kifungashio, na andika tarehe na mahali ulipoliona dai hilo.

8. Muhtasari

Cheti cha usimamizi wa mazingira huthibitisha taratibu, si usafi wa bidhaa. Huifaidi biashara kwa njia mbili: kwa kupunguza upotevu na hatari ndani yake, na kwa kuifungulia masoko nje. Faida ya kwanza haipatikani bila kazi. Ya pili yaweza kupatikana bila kazi iwapo wanunuzi hawaulizi. Kutokuwa na cheti si ushahidi wa uchafuzi, na kuwa nacho si kinga dhidi ya sheria.

9. Maswali ya kujipima

1. Kampuni ina viwanda vitatu, na cheti chake kinataja "ofisi kuu na ghala". Je, bidhaa ya kiwandani imo ndani ya upeo wa cheti hicho? Eleza.
2. Katika mfano wa kiwanda cha vitenge, eleza ni kwa nini akiba ya shilingi 12,000,000 isingepatikana kwa kununua majalada na kuandika taratibu peke yake.
3. Taja tofauti moja iliyopo kati ya mfano wa Volkswagen na ule wa Samarco kuhusu mipaka ya cheti.
4. Tafuta nyumbani kwako bidhaa moja yenye dai la mazingira. Lipime dai hilo kwa maswali sita ya sehemu ya 6, kisha uandike ni maswali mangapi yamejibiwa na kifungashio, na ni mangapi yanahitaji kuulizwa kwa muuzaji.